Jinsi ya Kuandaa Ombi la Ruzuku ya Muungano wa Ubunifu katika Erasmus+

Ndani ya Erasmus+ ya mwaka 2021 hadi 2027, programu ya Umoja wa Ulaya ya elimu, mafunzo, vijana na michezo yenye bajeti ya takribani euro bilioni 26, kuna dirisha lililotengwa mahsusi kwa ajili ya kuwakutanisha wanaofundisha na wanaoajiri. Dirisha hilo ni la Miungano ya Ubunifu, na husimamiwa kutoka Brussels na Wakala wa Utendaji wa Elimu na Utamaduni wa Ulaya, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake, EACEA. Maombi yake hayapitii kwa wakala wa kitaifa wa nchi yoyote, kwa hiyo kila mwombaji hushindana na Ulaya nzima. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa ombi hilo, na utakaa zaidi kwenye mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, hubeba uzito kuliko ufasaha wowote wa uandishi: ushirikiano wenye kazi halisi kwa kila mshirika, na mgawanyo wa kazi unaolingana na jinsi fedha zinavyolipwa.

Chagua fungu linalolingana na ukubwa wa tatizo

Mafungu makuu ni mawili. Fungu la 1 ni la miungano ya elimu na biashara. Linadai washirika kamili wasiopungua wanane kutoka angalau nchi nne, wakiwamo wahusika watatu au zaidi wa soko la ajira na watoa elimu au mafunzo watatu au zaidi. Mradi huchukua miaka miwili kwa ruzuku isiyozidi euro milioni 1, au miaka mitatu kwa ruzuku isiyozidi euro milioni 1.5. Fungu la 2 ni la miungano ya kisekta, nalo ni zito zaidi: washirika kumi na wawili au zaidi, nchi nane au zaidi, wahusika watano wa soko la ajira na watoa mafunzo watano kwa uchache, miaka minne ya kazi na ruzuku inayofikia euro milioni 4. Katika mafungu yote mawili lazima kuwe na angalau taasisi moja ya elimu ya juu na mtoa mafunzo ya ufundi stadi mmoja, wote wakiwa washirika kamili. Masharti hurekebishwa kila mwaka katika Mwongozo wa Programu, ambao kwa kawaida hutoka mwishoni mwa mwaka, hivyo toleo la mwaka unaoomba ndilo la kufuata.

Nchi zinazohesabiwa ni wanachama wa Umoja wa Ulaya pamoja na nchi zilizojiunga na programu kwa makubaliano maalumu, kama vile Norway, Iceland, Liechtenstein, Uturuki, Serbia na Makedonia Kaskazini. Taasisi kutoka nchi nyingine inaweza kukaribishwa kuwa mshirika iwapo mchango wake ni wa lazima kwa mradi, ila haiwezi kuwa mwombaji mkuu wala kujaza idadi ya nchi inayotakiwa.

Fungu la 2 lisichaguliwe kwa sababu tu fedha zake ni nyingi. Lilikusudiwa kutekeleza mpango wa Tume ya Ulaya wa ushirikiano wa kisekta kuhusu ujuzi, ulioanzishwa mwaka 2016, na matarajio yake ni mkakati wa ujuzi kwa sekta nzima. Mradi wa ALBATTS, ulioshughulikia ujuzi wa utengenezaji wa betri, unaonyesha upana unaotakiwa: ulichunguza mnyororo mzima wa sekta, ukabainisha kazi zinazozaliwa humo, kisha ukaandaa mafunzo yake. Kama tatizo lenu ni kozi moja inayokosekana katika maeneo machache, Fungu la 1 linawatosha. Na kama hata hilo ni kubwa, ubia wa ushirikiano unaotolewa kupitia wakala za kitaifa hulipa euro 120,000, 250,000 au 400,000, huku ubia mdogo ukilipa 30,000 au 60,000 na ukihitaji taasisi mbili tu kutoka nchi mbili. Kwa taasisi ambayo haijawahi kuratibu mradi wa Ulaya, ningeshauri kwa dhati ianzie huko.

Thibitisha pengo la ujuzi kabla ya kutaja suluhisho

Ombi dhaifu hutambulika katika aya ya kwanza. Husema kwamba Ulaya inahitaji ujuzi wa kijani na wa kidijitali, jambo ambalo mtathmini amekwisha kulisoma katika kila ombi lililo mezani pake, kisha hurukia kozi ambayo washirika walikuwa wanataka kuitengeneza tangu awali.

Tuchukue mfano wa mafundi wanaofunga majumbani pampu za joto, yaani mitambo ya umeme inayovuta joto kutoka nje ili kupasha nyumba. Sentensi isemayo kwamba mradi utaimarisha uwezo wa mafundi katika mabadiliko ya nishati haina kitu cha kushika. Linganisha na maelezo haya: fundi wa mabomba aliyezoea boila za gesi anajua maji na mabomba, lakini pampu ya joto inamtaka aelewe pia mzunguko wa kipoozi, umeme wa udhibiti na hesabu ya joto linalopotea kupitia kuta na madirisha, kushika gesi zenye florini, zinazotumika kama kipoozi, kunahitaji cheti chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya, na katika nchi za washirika maarifa haya hufundishwa katika kozi tatu tofauti, kiasi kwamba mwajiri hulazimika kumtoa fundi kazini mara tatu. Sasa tatizo lina mtu mwenye shida, lina mahali linapotokea, na lina sababu. Suluhisho, pengine kozi moja fupi yenye cheti kinachotambuliwa katika nchi zote za washirika, linajitokeza lenyewe.

Ushahidi wa pengo hilo utoke pande mbili. Upande wa kwanza ni takwimu na tafiti za umma, hasa za Cedefop, kituo cha Umoja wa Ulaya cha maendeleo ya mafunzo ya ufundi kilichoko Thessaloniki, ambacho huchapisha makadirio ya mahitaji ya ujuzi kwa nchi na kwa sekta. Upande wa pili ni waajiri wenyewe walio ndani ya muungano: waulizwe nafasi zipi zimekaa wazi, kazi gani zinarudiwa kwa kukosewa, na mafunzo gani wanayalipia kwa mifuko yao. Majibu hayo, hata yakiwa ya waajiri wachache, humweleza mtathmini kwamba washirika wamekaa meza moja kabla ya kuandika. Kazi na ujuzi vitajwe kwa majina ya ESCO, ambayo ni orodha ya Ulaya ya ujuzi na kazi, ili wasomaji wa nchi zote waelewe jambo moja.

Tafuta washirika watakaofanya kazi

Ukweli ni kwamba idadi ya washirika ni rahisi kufikia. Kazi ngumu ni kumpata kila mmoja akiwa na jukumu ambalo mwingine hawezi kulibeba. Wahusika wa soko la ajira wanaweza kuwa kampuni kubwa au ndogo, chemba za biashara, vyama vya waajiri au vyama vya wafanyakazi. Katika mfano wetu, chama cha mafundi wa majokofu kitafungua mlango wa warsha mia kadhaa ambazo chuo kikuu hakingezifikia kwa barua, wakati chombo kinachosimamia sifa za kitaaluma ndicho pekee kinachoweza kusema iwapo cheti kipya kitaingia katika mfumo wa nchi husika. Muungano usio na chombo cha aina hiyo, iwe kama mshirika kamili au kama mshirika mwenza asiyepokea fedha, utahitimisha mradi ukiwa na kozi nzuri isiyotambuliwa popote.

Kabla ya kumwandika mtu, zungumza naye ana kwa ana au kwa simu na umtake akujibu maswali mahususi: nani hasa atafanya kazi hii katika taasisi yako, kwa siku ngapi, na mwishoni utabakiza nini cha kutumia? Anayejibu kwamba yuko tayari kusaidia popote atakapohitajika bado hajawa mshirika. Tahadhari pia na ombi ambalo vyuo hufanya kazi yote na kampuni huhudhuria mikutano. Watathmini huiona hali hiyo mara moja kwenye jedwali la bajeti, kwa kuwa siku za kazi za kampuni huwa chache mno. Waajiri wapewe kazi zao za asili: kuandika wasifu wa kazi, kupokea wanagenzi, kupima kama mhitimu wa kozi ya majaribio anaweza kweli kufunga mtambo.

Taasisi za elimu ya juu zilizoko katika Umoja wa Ulaya na nchi zilizojiunga lazima ziwe na Hati ya Erasmus ya Elimu ya Juu, yaani kibali cha Tume ya Ulaya kinachoiruhusu taasisi kushiriki katika programu. Hilo likaguliwe mapema.

Gawa kazi kwa kuzingatia namna fedha zitakavyolipwa

Ruzuku hii hutolewa kwa malipo ya mkupuo. Maana yake ni kwamba mnawasilisha bajeti ya kina wakati wa kuomba, kiasi kinakubaliwa, na baada ya hapo hamtoi risiti wala karatasi za saa za kazi ili mlipwe. Mnalipwa kwa kukamilisha vifurushi vya kazi, yaani sehemu ambazo mradi umegawanywa, vilivyoandikwa katika mkataba. Ni nafuu kubwa ya uhasibu, lakini ina upande wake mgumu. Kifurushi kisichokamilika kinaweza kupunguziwa fedha zilizotengewa, hata kama washirika wamekwisha kuzitumia.

Kwa sababu hiyo, msiweke nusu ya mradi katika kifurushi kimoja kinachoitwa utekelezaji na kinachoishia mwezi wa mwisho. Katika mradi wa pampu za joto wa miaka mitatu ningetenganisha uchambuzi wa kazi na ujuzi unaoisha mwezi wa 9 wa mradi, uandaaji wa mtaala na vifaa unaoisha mwezi wa 20, majaribio ya mafunzo yanayoisha mwezi wa 32, na kando yake uratibu pamoja na usambazaji wa matokeo unaokwenda hadi mwisho. Kila kifurushi kiwe na zao linaloweza kushikwa na kukaguliwa, na ahadi iwe ya jambo lililo mikononi mwenu. Mnaweza kuahidi kuendesha kozi ya majaribio kwa mafundi 120 katika nchi nne. Kuahidi kwamba wote 120 watapandishwa vyeo ni kuweka fedha za mradi chini ya uamuzi wa watu wasiohusika na mkataba.

Kisha ifanyeni hesabu ya mchango wenu wenyewe, kwa kuwa Umoja wa Ulaya hugharimia asilimia 80 tu. Ruzuku ya euro 1,500,000 inasimama juu ya gharama za jumla za 1,875,000, na zile 375,000 zinazobaki hutoka kwa washirika. Katika Fungu la 2, ruzuku ya milioni 4 inahitaji milioni 1 ya namna hiyo. Kampuni ndogo na mashirika yasiyo ya kiserikali huumizwa zaidi na sharti hili, na si haki kuwaficha jambo hilo hadi siku ya kutia saini. Makubaliano kuhusu nani anachangia nini yaandikwe kabla ombi halijawasilishwa.

Andika kwa kufuata vigezo, kisha wasilisha mapema

Alama hugawanywa hivi: umuhimu wa mradi 25, ubora wa mpango na utekelezaji 30, ubora wa ushirikiano 25, na athari 20. Ombi lazima lipate angalau 70 kati ya 100, na kila kigezo kina alama yake ya chini, kwa hiyo ubora wa kigezo kimoja hauwezi kufidia udhaifu wa kingine. Ushirikiano peke yake unabeba robo nzima ya alama, ilhali waandishi wengi huujaza usiku wa mwisho kwa kunakili wasifu wa taasisi kutoka tovuti zao. Kwenye athari, elezeni nani atakayeendelea kufundisha kozi na nani atakayeilipia fedha za ruzuku zikiisha. Kumbukeni pia kwamba vifaa vya kufundishia vinavyotokana na mradi hutakiwa kupatikana bure kwa leseni huria. Mshirika anayepanga kuviuza aambiwe hivyo mapema.

Ombi hupitia tovuti ya ufadhili na zabuni ya Tume ya Ulaya. Mratibu anahitaji akaunti ya EU Login, na kila taasisi namba ya utambulisho wa mshiriki, iitwayo PIC. Fomu ina sehemu inayojazwa mtandaoni, maelezo ya mradi yanayopakiwa kama faili, na jedwali la bajeti. Maelezo yana ukomo wa kurasa, na kurasa zinazozidi hazisomwi. Mwisho wa kupokea maombi kwa kawaida ni saa kumi na moja jioni kwa saa za Brussels, na mfumo hufungwa dakika hiyohiyo. Wasilisheni toleo la kwanza siku kadhaa kabla, kwa sababu mnaruhusiwa kulibadilisha kwa toleo jipya hadi muda utakapokwisha.

Majibu hutarajiwa ndani ya miezi sita, na utiaji saini wa mkataba ndani ya miezi mitatu inayofuata. Ombi likikataliwa, mratibu hupokea ripoti ya tathmini yenye alama na maoni kwa kila kigezo. Wapelekeeni washirika wote ripoti hiyo ilivyo, kisha muulizane nani yuko tayari kurudi mwaka unaofuata na kwa jukumu lipi. Mara nyingi orodha ya wanaobaki ndiyo inayoonyesha fungu gani liombwe safari hiyo.