Kuchagua mpango wa msaada wa barabarani kwa RV: hatua kwa hatua, kutoka kwa dereva wa lori la kuvuta

Kazi yangu ni kuendesha lori zito la kuvuta magari kwenye barabara kuu ya I-40, upande wa Amarillo, Texas. Siku hizi nakutana na Waswahili wengi ndani ya RV, yaani magari ya kulala safarini: madereva wa malori walioamua kupumzika, familia za Wakongo, Wakenya na Watanzania wanaokodi nyumba ya magurudumu shule zikifungwa ili watoto wakaone Grand Canyon. Karibu wote wana kadi ya msaada wa barabarani mfukoni. Tatizo ni kwamba kadi nyingi zilinunuliwa kwa ajili ya Corolla.

Mwongozo huu hauanzi na bei, kwa sababu tofauti ya ada ya mwaka kati ya mpango mzuri na mbovu ni ndogo mno ukiilinganisha na bili ya kuvutwa mara moja tu na lori zito. Bei tutaifikia.

Hatua ya 1: Lijue gari lako kwa namba

Ukinipigia simu ukasema "nina RV", hujaniambia kitu. Motohomu ni RV yenye injini yake. Ya daraja B ni van, mara nyingi Sprinter au Ram ProMaster. Daraja C ni ile yenye kichwa cha van na kitanda juu ya dereva. Nyingi zimejengwa juu ya chesisi ya Ford E-450, ambayo mwisho wa uzito wake ni pauni 14,500. Daraja A inafanana na basi. Za petroli zilizo juu ya Ford F-53 huanzia pauni 16,000 hadi 26,000, na za dizeli zenye injini nyuma hupita 30,000 bila shida. Kisha kuna trela za kuvutwa, pamoja na zile kubwa zinazokaa kwenye sahani ndani ya kitanda cha pikapu.

Fungua mlango wa dereva, tafuta kibandiko chenye herufi GVWR, yaani uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa wa gari na mzigo wake, kipige picha. Kwenye trela kibandiko hicho kiko nje, ubavu wa kushoto, upande wa mbele. Andika pia urefu na kimo chake, ukihesabu na kiyoyozi kilicho juu ya paa. Kimo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Majimbo mengi ya mashariki yanaruhusu futi 13 na inchi 6, na ya magharibi mengi futi 14. Van yenye paa refu ikipandishwa mgongoni mwa lori hukaribia kabisa mpaka huo, na daraja la barabarani halijali kadi yako ni ya kampuni gani.

Kama umejaza maji, vyombo, jenereta na mizigo ya shangazi, pita kwenye mizani ya CAT Scale katika kituo chochote kikubwa cha malori ujue uzito halisi. Madereva mnaijua hiyo.

Hatua ya 2: Hakikisha aina ya gari lako imeandikwa ndani ya masharti

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Chukua mfano wa AAA, kwa kuwa ndiyo kadi ninayoionyeshwa mara nyingi. AAA ni shirikisho la klabu za wenye magari za mikoa, kwa hiyo masharti ya Texas si lazima yafanane na ya Ohio. Ila katika klabu nyingi uanachama wa kawaida ni wa gari dogo, pikapu au van ya familia. Ili motohomu au trela ivutwe, lazima uongeze kipengele cha RV juu ya ngazi ya Plus au Premier. Nimewahi kusimama kando ya barabara na baba mmoja mwenye kadi ya miaka mingi, amelipia kila mwaka bila kukosa, na mpokea simu wa klabu yake anamwambia gari lake halimo. Kadi ilikuwa hai. Kilichokosekana ni herufi mbili: RV.

Kwa hiyo usiridhike na ukurasa wa matangazo. Pakua kijitabu cha masharti chote, kisha tafuta maneno yanayohusu motohomu, trela na uzito. Ukikuta kikomo cha uzito kilicho chini ya kibandiko chako, funga kijitabu, nenda kwa kampuni nyingine.

Angalia pia mambo haya: Je, unalindwa wewe au gari? Mkeo akiendesha? RV ya kukodi au ya kuazima kwa ndugu? Na kama mnaishi ndani ya RV mwaka mzima bila nyumba nyingine, mipango mingine ina masharti tofauti kwa watu wa aina yenu. Wanaovuka kwenda Canada waulize na hilo.

Hatua ya 3: Chagua kati ya maili na mahali

Hiki ndicho kiini cha mkataba wenyewe. Mipango iko ya namna mbili.

Ya kwanza inakupa maili. AAA Plus yenye RV, kwa mfano, katika klabu nyingi ni maili 100 kwa kila mvuto, na Premier huongeza mvuto mmoja wa maili 200 kwa mwaka. Ndani ya maili hizo mara nyingi unachagua mwenyewe unakopelekwa.

Ya pili, kama ya Good Sam au Coach-Net, haina kikomo cha maili, ila inakupeleka kwenye gereji iliyo karibu zaidi inayoweza kulitengeneza gari lako. Ukitaka kwenda mbele ya hapo, ziada unalipa wewe.

Sasa weka RV yako Tucumcari, New Mexico, injini imezima. Kutoka pale hadi Amarillo ni maili 110 na ushee. Kwenda Albuquerque ni zaidi ya 170. Mwenye maili 100 hafiki mji wowote kati ya hiyo miwili kwa kadi yake. Kila maili ya ziada anailipia kwa bei ya lori zito. Mwenye "bila kikomo" atafika, lakini hatachagua gereji. Na hapo kuna jambo ambalo watu wa mauzo hawalitaji: gereji "iliyo karibu inayoweza" inaamuliwa na kampuni. Ukiwa na dizeli ya Cummins kwenye chesisi ya Freightliner, tatizo la injini ni la fundi wa malori. Muuza RV anaweza kupokea gari lako uwanjani kwake kisha akakwambia injini haigusi. Hata daraja C ya Ford inaweza kufika kwa wakala wa Ford asiye na jeki ya kuinua gari refu na zito kiasi hicho.

Maoni yangu: kama mnazunguka magharibi, ambako miji iko mbalimbali, chukueni mpango usio na kikomo cha maili, halafu mwulize mpokea simu kabla lori halijatumwa, "Mmeshawapigia hao mafundi wakakubali kulipokea gari la aina hii?" Mkikaa mashariki, kutoka jiji hadi jiji, maili 100 za kuchagua mwenyewe zinatosha na pengine ni bora.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu kazi ya chini ya gari

Wateja wengi hudhani kuvuta ni kufunga mnyororo na kuondoka. Nikifika kwenye daraja A ya dizeli, kwanza natandika turubai na kuingia chini. Breki za upepo zikikosa upepo hujifunga zenyewe, kwa hiyo naunganisha mpira wa hewa kutoka kwenye lori langu ili ziachie. Kama tangi la hewa la RV linavuja, nafunga bolti nyuma ya kila chemba ya breki ya nyuma, na kuivuta springi kwa spana mpaka gurudumu lizunguke. Kisha natoa shafti, chuma kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma. Gari likivutwa magurudumu ya nyuma yakiwa chini na shafti iko mahali pake, gia zinazunguka bila injini kusukuma mafuta, na giaboksi inaungua kabla hatujafika.

Kazi hiyo inakula muda, na muda huo unaandikwa kwenye bili. Mipango mingine huulipa kama sehemu ya mvuto, mingine huuita kazi ya ziada na kukuachia. Uliza kwa maneno haya haya: kutoa shafti, kuachia breki, na kungojea, ni vyenu au vyangu?

Wenye trela waulize lao: pikapu ikifa, trela nayo inachukuliwa, au inabaki kando ya barabara? Kuna mipango inayohesabu hiyo kuwa miito miwili. Trela ya sahani inahitaji lori lenye sahani yake. Si kila kampuni inayo. Wanaovuta Jeep nyuma ya motohomu, swali ni lile lile.

Hatua ya 5: Tairi

Daraja A nyingi hazina spea. Mpango utaleta fundi na hata kutafuta tairi, lakini bei ya tairi ni yako karibu kila mahali. Piga picha ya ubavu wa tairi, mfano 225/75R16 au 235/80R22.5, na namba nne za mwisho za mstari unaoanza na herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za RV huzeeka kabla ya kuisha meno.

Hatua ya 6: Linganisha na barabara mnazopita

Kama mnapenda kulala jangwani Quartzsite, Arizona, au ndani ya misitu ya serikali, soma kwa makini sehemu ya kukwama mchangani na matopeni. Mipango mingi inakutoa kwa winchi ikiwa uko karibu na barabara inayotunzwa. Ukiwa umeingia ndani, unaambiwa pole.

Barabara za kulipia nazo zina mambo yake. Kwenye Pennsylvania Turnpike na New York Thruway, ni makampuni yaliyoidhinishwa na mamlaka ya barabara tu yanayoruhusiwa kukuvuta. Lori la mpango wako haliingii. Hapo unalipa, unachukua risiti, unadai. Uliza kiwango cha juu wanachorudisha na siku ngapi unazo za kutuma madai.

Jambo jingine: mipango mingi ni ya kuharibika, si ya ajali. Ukigongwa au ukipinduka kwa upepo (na huku kwetu upepo si mzaha), bili huwa ya bima ya gari.

Hatua ya 7: Tazama ulicho nacho tayari, kisha bei

RV mpya mara nyingi huja na msaada wa barabarani wa mtengenezaji wa chesisi kwa muda fulani. Bima ya RV inaweza kuongezewa kipengele hicho kwa ada ndogo. Kadi ya benki nayo huenda ina chake, ila mara nyingi uzito wake unaishia kwenye magari madogo. Kwa wanaokodi, mwenye gari au kampuni huwa na namba yao ya dharura. Itumie hiyo kwanza.

Ukishapanga vyote mezani, ndipo ulinganishe bei. Angalia ada ya mwaka wa pili, si ya promosheni, na kama inakatwa yenyewe kwenye kadi. Angalia pia siku za kungojea kabla kadi haijaanza kazi. Ununuzi wa usiku wa kuamkia safari huweza kukukuta njiani bila chochote.

Hatua ya 8: Wapigie kabla ya kulipa

Piga namba ya mauzo, useme kama mtu aliyekwama:

"Nina motohomu ya daraja A, dizeli, futi 38, GVWR pauni 32,000, navuta Jeep nyuma. Niko I-40 karibu na Tucumcari. Mtanitumia lori la aina gani, mtanipeleka wapi, na Jeep itakwendaje?"

Jibu zuri lina maswali ndani yake: una breki za upepo? umo ndani ya njia au pembeni? Jibu baya ni "tunahudumia magari yote, usijali." Omba wakuonyeshe ukurasa wa masharti. Kama wazee wenu hawako huru na Kiingereza, uliza papo hapo kama kuna mkalimani wa Kiswahili kwenye simu, usiku pia.

Hatua ya 9: Ukishanunua

Bandika karatasi ndani ya kabati la dereva yenye namba ya uanachama, vipimo vya Hatua ya 1 na ukubwa wa tairi. Picha zake ziwe kwenye simu za watu wawili, kwa sababu simu inayozima chaji huwa ni ile moja yenye kila kitu.

Siku ikifika, ukiwa ndani ya njia ya magari au mahali pa hatari, piga 911 kwanza. Kisha pigia mpango wako kabla ya kumwita mtu yeyote. Ukijitafutia lori mwenyewe bila idhini yao, wanaweza kukataa kurudisha pesa. Taja barabara, upande unaoelekea na namba ya kibao kidogo cha kijani cha maili. "Tumepita Love's muda si mrefu" hainisaidii. Kwenye I-40 vituo vya mafuta vya Love's viko vingi. Lori likifika, mwulize dereva nani anamlipa na kiasi gani kabla hajagusa gari, na usitie saini karatasi yenye nafasi tupu ya bei.