Namna ya kusoma cheti cha TLS kwenye terminali kwa OpenSSL

Ukifungua faili la cheti cha TLS, yaani kile kinachothibitisha utambulisho wa tovuti ya https, kwa kihariri cha maandishi utaona lundo la herufi zisizo na maana, ingawa ndani yake mna domeini, jina la aliyekitoa, tarehe ya kuisha na ufunguo wa umma. OpenSSL, programu ya terminali ya kushughulikia vyeti na funguo, hutoa hayo yote kwa amri moja. Wanaokwama wengi wameamini kiambishi cha jina la faili: `.crt` na `.cer` huweza kubeba muundo wowote kati ya miwili mikuu, kwa hiyo anza na baiti zenyewe.

Hatua ya 1: Tambua muundo

```
head -c 48 cheti.crt | xxd -g1
```

Ukiona `-----BEGIN CERTIFICATE-----`, hiyo ni PEM, yaani cheti kilichogeuzwa kuwa Base64 (baiti zilizoandikwa kwa herufi za kawaida) na kukatwa mistari ya herufi 64. Ukiona `30 82`, hiyo ni DER, baiti asili za cheti. Cheti cha PEM nacho karibu kila mara huanza na `MII` kwa sababu hiyohiyo: ndivyo `30 82` inavyoandikwa katika Base64.

Usiishie hapo, maana vitu vingine pia huanza na `30 82`. Ruka baiti mbili za urefu, kisha tazama ya tano. Ikiwa `30`, kwa kawaida ni cheti, au ombi la cheti. `02 01 03` ni hifadhi ya PKCS12, ile ya `.pfx`, inayobeba cheti pamoja na ufunguo wake wa siri. `06 09` ni PKCS7, ile ya `.p7b`, fungu la vyeti bila ufunguo. Na `02 01 00` ni ufunguo wa siri: usimtumie mtu faili hilo.

Hatua ya 2: Kisome

```
openssl x509 -in cheti.crt -noout -text
openssl x509 -inform der -in cheti.cer -noout -text
```

Ya kwanza ni ya PEM, ya pili ya DER. OpenSSL 3 hutambua muundo yenyewe, lakini toleo la 1.1.1 ambalo bado limo kwenye seva nyingi halitambui. `-noout` huzuia Base64 isichapwe tena mwishoni. Kwa kazi za kila siku hii inatosha:

```
openssl x509 -in cheti.crt -noout -subject -issuer -dates -ext subjectAltName
```

Tarehe zote ziko kwa GMT, saa tatu nyuma ya saa za Afrika Mashariki. Cheti chenye `notAfter=Jun 30 23:59:59` kwa Dar es Salaam au Nairobi kinakufa Julai 1, saa tisa usiku kasoro sekunde moja. Zingatia hilo unapopanga siku ya kukibadilisha.

Majina ya kuangalia yako kwenye `Subject Alternative Name`, si kwenye `CN` iliyo ndani ya `subject`. Chrome iliacha kusoma `CN` tangu toleo la 58, mwaka 2017. Kumbuka pia kuwa `*.example.com` haifuniki `example.com` yenyewe, wala `a.b.example.com`, kila moja lazima iandikwe kivyake.

Hatua ya 3: Faili lenye vyeti vingi

`openssl x509` husoma cheti cha kwanza tu na kunyamaza kuhusu vilivyobaki, hivyo mnyororo mbovu (cheti cha seva na vya watoaji wake, kimoja baada ya kingine) unaweza kuonekana mzima. Vitoe vyote:

```
openssl crl2pkcs7 -nocrl -certfile mnyororo.pem | openssl pkcs7 -print_certs -noout
```

Utapata jozi za `subject` (mwenye cheti) na `issuer` (aliyekitoa). Cha seva kitangulie, na `issuer` ya kila kimoja ifanane na `subject` ya kinachofuata. Cheti cha kati, kile kinachounganisha cha seva na cha mtoaji mkuu, kikikosekana, kivinjari huenda kikafungua tovuti kwa kuwa kilishakihifadhi zamani, huku `curl` (amri ya kufungua tovuti kwenye terminali) au programu ya simu ikikataa.

Mnyororo unaotolewa na seva yenyewe unaonekana hivi:

```
openssl s_client -connect example.com:443 -servername example.com -showcerts </dev/null
```

Usiache `-servername` unapounganisha kwa anwani ya IP, la sivyo seva yenye tovuti nyingi itakupa cheti cha tovuti nyingine.

Hatua ya 4: Faili la .pfx

```
openssl pkcs12 -in hifadhi.pfx -nokeys -clcerts | openssl x509 -noout -text
```

`-nokeys` ni ya lazima, ili ufunguo wa siri usitoke. `Mac verify error` kwa kawaida ni nenosiri lisilo sahihi. Ukiona kosa linalotaja `RC2-40-CBC`, hifadhi ilifungwa kwa usimbaji wa zamani ambao OpenSSL 3 imeuweka kando; ongeza `-legacy`.

Amri ikigoma

`no start line`, au kwa OpenSSL 3 `Could not read certificate`, ina maana hakuna mstari wa BEGIN unaotambulika. Pengine faili ni DER (kwa 1.1.1), au ni ombi la cheti, ambalo husomwa kwa `openssl req -in ombi.csr -noout -text`. Programu ya kuandikia nyaraka nayo huenda imegeuza vistari vitano kuwa kistari kirefu. Na kwa matoleo ya zamani, angalia baiti `ef bb bf` zilizoachwa na Notepad mwanzoni mwa faili, ziondoe:

```
sed -i '1s/^\xEF\xBB\xBF//' cheti.crt
```

Cheti kikisomeka vizuri lakini seva ikakataa kuwaka, linganisha ufunguo wake na wa siri:

```
openssl x509 -in cheti.crt -noout -pubkey | openssl sha256
openssl pkey -in siri.key -pubout | openssl sha256
```

Matokeo yakitofautiana, cheti hicho kilitolewa kwa ufunguo mwingine. Tafuta ufunguo uliotengenezea ombi la awali. Ufunguo huo ukiwa umepotea, tengeneza ombi jipya na uombe cheti kitolewe upya.