Kabla ya kuwapima mabinti wa timu: mambo ya kuzingatia ili namba zenu ziaminike

Msimu ukikaribia, timu za wanawake hapa Lubumbashi huwapima wachezaji wao: kuruka kwa mguu mmoja, kusimama kwa mguu mmoja huku mwingine ukinyooshwa mbali, kuchuchumaa, kushuka kutoka kwenye boksi na kutua. Mji ambao timu yake ya wanawake, TP Mazembe, ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya CAF mwaka 2024 kwa kuifunga AS FAR bao 1-0 kule Morocco, una kila sababu ya kuwapima mabinti wake kwa makini. Namba zinazoandikwa siku hiyo huamua nani aanze, nani apumzike, na nani aambiwe kwamba goti lake limepona. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: binti huyuhuyu akirudi kesho bila mwili wake kubadilika, atapata namba ileile? Huo ndio uthabiti wa kipimo, na lazima uandaliwe kabla mtu hajaruka.

Kwa wanawake jambo hili lina uzito wa pekee. Katika mpira wa miguu, kuchanika kwa kano ya msalaba ya mbele ya goti, ile ambayo wachezaji wetu huita kruaze, huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Mara nyingi hakuna aliyemgusa: ametua vibaya, amekata kona, amesimama ghafla. Ndiyo maana tunatazama goti linavyoingia ndani wakati wa kutua. Lakini sehemu kubwa ya viwango vinavyosambazwa ilitoka kwa wanaume. Uthabiti uliopatikana kwa vijana wa kiume wa chuo hauwezi kuhamishiwa kwa binti wa miaka 15 wa mtaa wetu wa Katuba ambaye bado anakua. Kila timu inapaswa kuujua wake.

Anzeni na swali, kisha mchague kipimo. Mkitaka kujua nguvu za mguu, kuruka kwa mguu mmoja kunatosha, na kuna namna nne zinazojulikana tangu miaka ya 1990: mruko mmoja, miruko mitatu mfululizo, miruko mitatu ya kuvuka mstari, na mita 6 kwa muda. Mkiwa na kronometa ya mkono tu, iacheni hiyo ya mita 6, kwa sababu kidole chako kwenye kitufe kina kosa kubwa kuliko tofauti unayoitafuta. Mkitaka usawa wa mwili, tumieni kipimo cha Y, yaani kusimama kwa mguu mmoja na kunyoosha mwingine kuelekea pande tatu: mbele, nyuma kwa ndani, nyuma kwa nje. Vipimo viwili vinavyofanywa vizuri vina faida kuliko sita vya haraka haraka.

Baada ya hapo andikeni kanuni kwenye karatasi, neno kwa neno. Chukua mruko mmoja, unaoonekana rahisi kuliko vyote. Vidole vianzie nyuma ya mstari; umbali upimwe hadi kisigino kilipotua. Mikono iko kiunoni au huru? Lazima atulie sekunde ngapi baada ya kutua ili mruko uhesabiwe? Sekunde 2 ni kawaida nzuri. Akigusa chini kwa mguu mwingine, mruko umefutwa, hata kama ulikuwa mrefu kuliko yote na timu nzima imeshangilia. Viatu ni vilevile kila siku. Leo rabasi na wiki ijayo viatu vya meno ni vipimo viwili tofauti. Mkiacha hata moja ya haya wazi, kila mpimaji atajaza kwa namna yake.

Kisha sakafu. Viwanja vyetu vingi ni udongo mwekundu, na kisigino kikitua kwenye vumbi hukwaruza: kinaacha alama ya mahali kilipogusa na nyingine ya mahali kilipoishia, na kati ya hizo mbili zinaweza kuwepo sentimita kadhaa. Mpimaji mmoja atasoma ya kwanza, mwenzake atasoma ya pili. Tafuteni saruji: uwanja wa basketi wa shule, baraza la parokia, ukumbi wowote wenye sakafu sawa. Bandikeni mita ya chuma ya fundi mwashi chini kwa skochi, msiondoe hadi binti wa mwisho amalize. Ile mita ya kitambaa ya fundi cherehani huishia sentimita 150 na huvutika, kwa hiyo haifai. Mkianza juu ya nyasi bandia, rudieni juu ya nyasi bandia.

Sasa jambo ambalo huharibu vipimo vingi kuliko lolote: kukosa mazoezi ya awali. Anayeruka hivi kwa mara ya kwanza hujifunza akiwa anaruka. Mruko wa nne hupita wa kwanza bila mguu kupata nguvu yoyote mpya. Ameelewa tu namna ya kutupa mikono na kutulia. Usipompa nafasi ya kujaribu, utakayemwona wiki ijayo ni yeye aliyezoea, na utasema programu yako imefanya kazi. Kwa kipimo cha Y, majaribio 4 hadi 6 kila upande yanahitajika kabla ya kuandika chochote. Kwa miruko, mpe michache hadi utulivu wake uonekane, halafu hesabu mitatu. Amueni mapema kama mtachukua mruko bora au wastani wa mitatu. Mimi nachagua wastani, kwa sababu mruko mmoja wa bahati hauwezi kuuburuza mbali. Na mkubaliane idadi ya juu ya miruko iliyofutwa. Kutakuwa na binti atakayesema, “Yaya, sikuwa tayari, niruke tena,” na moyo utakuambia umruhusu. Ukimruhusu yeye, mwenzake mwenye aibu ambaye hakuomba ameonewa.

Vipimo vya ubora wa mwendo vina ugumu zaidi, maana chombo cha kupimia ni jicho. Kipimo kinachoitwa LESS hutazama jinsi mtu anavyotua kutoka kwenye boksi la sentimita 30 na kuruka tena juu. Ina vipengele 17, na alama nyingi zaidi zina maana ya kutua vibaya zaidi. Kingine, FMS, hutazama mwendo wa mwili mzima: kina mazoezi 7, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 21. Mabinti wawili wanaweza kupata 14 kila mmoja, huyu ana shida ya bega, yule ana shida ya kuchuchumaa, na jumla ikawaficha wote wawili. Hifadhini alama ya kila zoezi.

Kabla ya siku yenyewe, wapimaji wawili watazame video zilezile bila kuongea, kila mmoja na karatasi yake. Wakitofautiana, wazungumze juu ya kipengele kilekile kilichowatenganisha, waandike tafsiri moja, warudie kwa video nyingine. Wiki moja baadaye kila mmoja azipime tena zile za kwanza bila kuona alama zake za zamani. Wengi hushtuka kuona hawakubaliani hata na nafsi zao. Kama hilo halijarekebishwa, timu isipimwe bado.

Kamera za simu ziwe mbili, moja mbele na moja pembeni, kila moja imefungwa mahali pasipobadilika kwa urefu na umbali uliopimwa. Mtu akishika simu mkononi, pembe hubadilika na goti huonekana limeingia ndani wakati halijaingia. Jezi pana hufunika nyonga na magoti, kwa hiyo kaptula na fulana inayobana kiasi zinahitajika. Hapa naomba tusikilizane vizuri. Tunawapiga picha wasichana, wengine watoto wa shule, wakiwa wamevaa kaptula. Mzazi aombwe ruhusa, na binti mwenyewe aombwe pia, kwa maneno anayoyaelewa, na akikataa asipoteze nafasi yake. Video ikae kwenye simu moja ya timu, isipite hata siku moja kwenye kundi la WhatsApp, ifutwe ikishapimwa. Na awepo mwanamke kati ya wanaopima. Mfupa wa nyonga hushikwa kwa mkono ili kupima urefu wa mguu kwa ajili ya kipimo cha Y, na hakuna sababu ya binti kuguswa hapo na kocha wa kiume huku wenzake wakitazama.

Siku nayo ina mambo yake. Asubuhi ya Julai hapa ni baridi kweli, na msuli baridi hauruki kama msuli wa Oktoba. Saa iwe ileile, joto la mwili litayarishwe kwa namna ileile. Sehemu ya kwanza ya FIFA 11+, yale mazoezi ya FIFA ya kuzuia majeraha, inafaa na wengi wanaijua. Msipime siku inayofuata mechi. Ulizeni amelala vipi, amekula nini, anaumwa wapi. Kuhusu hedhi, matokeo ya tafiti yanapingana juu ya kama inabadilisha nguvu au miruko, kwa hiyo hakuna sababu ya kumzuia mtu. Anayekubali aiandike siku ya mzunguko wake kwa dada anayehusika, anayekataa aachwe.

Halafu mjipime wenyewe. Wote waruke leo, waruke tena baada ya wiki moja, kabla mazoezi mazito hayajaanza. Watafiti hupenda watu wapatao 30. Mkiwa 22, chukueni wote 22. Kwa data hizo mtu mwenye kompyuta atawapatia kigezo cha uwiano kinachoitwa ICC, kinachoonyesha namba za siku hizo mbili zinakubaliana kiasi gani: chini ya 0.5 ni dhaifu, 0.5 hadi 0.75 ni cha kati, hadi 0.9 ni kizuri, juu ya hapo ni bora sana. Msiishie hapo, kwani ICC haikuambii sentimita. Tuseme mkengeuko sanifu wa miruko ya timu, yaani kiasi miruko inavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ni sentimita 15 na ICC ni 0.90. Toa 0.90 kwenye 1, chukua kipeuo cha pili, zidisha kwa 15: kosa la kipimo ni kama sentimita 4.7. Zidisha kwa 2.77 upate kizingiti, yaani badiliko dogo kabisa mnaloweza kuliamini kwa binti mmoja: ni sentimita 13. Binti aliyeongeza sentimita 8 huenda amepata nguvu, lakini kipimo chenu hakiwezi kulithibitisha. ICC ikiwa 0.75, kizingiti hicho kinapanda hadi karibu sentimita 21. Hapo ndipo utaona kwa nini nimeng’ang’ania skochi na sakafu.

Kwa aliyetoka kwenye jeraha la goti, wengi hutafuta mguu ulioumia ufikie asilimia 90 ya mzima: sentimita 126 dhidi ya 140, kwa mfano. Kosa la sentimita 5 linatosha kumpitisha au kumkwamisha, kwa hiyo asiamuliwe kwa siku moja. Tena mguu mzima nao hudhoofika kwa kukaa muda mrefu, na uwiano ukapendeza kwa sababu miguu yote miwili imeshuka. Tafuteni namba zake za kabla ya kuumia kama zipo. Baada ya upasuaji wa kruaze, miezi 9 ndiyo muda wa chini unaopendekezwa na wengi, hata miruko ikipendeza mapema.

Kipimo thabiti hakitabiri nani ataumia. Ile alama 14 ya FMS inayonukuliwa kila mahali kama mpaka wa hatari ilitoka mwaka 2007 kwa wanaume wa kulipwa wanaocheza mpira wa Kimarekani. Kumwacha binti nje kwa sababu amepata 13 ni kumdhulumu. Mazoezi ya kuzuia majeraha wapewe wote, dakika 20, angalau mara mbili kwa wiki, aliyepata 13 na aliyepata 20.

Karatasi ya kila mchezaji iwe na tarehe, saa, sakafu, viatu, jina la mpimaji, na miruko yote mitatu, siyo wastani peke yake. Iandikwe kwa kalamu kwenye daftari hapohapo uwanjani, kompyuta ifuate jioni umeme ukiwepo.