Kabla ya Kupanda Kwadi Zanzibar: Mambo ya Kuzingatia

Anayefika Nungwi, Kendwa, Kiwengwa au Paje kwa mapumziko hamalizi siku mbili kabla hajaulizwa, ama na watu wa mapokezi hotelini ama na papasi, yaani vijana wanaowauzia wageni safari ufukweni, iwapo angependa kuzunguka vijijini kwa pikipiki ya magurudumu manne, ile ambayo wengi huiita kwadi tu. Safari yenyewe kwa kawaida ni ya saa chache: kiongozi hutangulia, wageni humfuata kwa mstari mmoja, njia hukatisha kwenye mihogo na minazi, hupanda maweni, kisha huingia kijijini ambako msafara husimama watu wakanywa madafu. Ni matembezi ninayoyapenda kwa dhati, kwa sababu humtoa mgeni ndani ya uzio wa hoteli na kumwonyesha Unguja ambayo ufukwe hauionyeshi. Lakini usalama wake huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla injini haijawashwa, na hayo ya kabla ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

La kwanza ni kuielewa mashine, maana magurudumu manne huwadanganya watu. Mtu akiiona imesimama yenyewe bila kuegemezwa huamini kwamba haiwezi kuanguka. Na anayepata taabu zaidi mara nyingi si yule ambaye hajawahi kushika usukani, bali kijana aliyezoea bodaboda, kwa sababu huja na mazoea ambayo hapa yanamgeuka. Kwenye bodaboda, pikipiki na mpanda hulala pamoja penye kona. Kwadi hailali, bali hubaki imesimama wima na kukusukuma nje, hivyo ni wewe unayepaswa kuuhamishia mwili wako upande wa ndani wa kona. Kwenye bodaboda, ukiyumba unateremsha mguu kugusa ardhi. Kwenye kwadi gurudumu la nyuma liko nyuma tu ya kisigino chako, na mguu ulioteremshwa huvutwa chini yake. Miguu yote miwili hukaa kwenye vikanyagio tangu kuondoka hadi kusimama, hata pale unapohisi mashine inainama. Tena kwadi ya mtu mzima ina uzito wa kilo 200 hadi 300 na zaidi, kwa hiyo ikikulalia si kitu cha kukisukuma kwa mikono ukainuka.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo wachache huelezwa. Katika kwadi nyingi magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja isiyo na difu, yaani yote mawili huzunguka kwa kasi ileile. Penye kona gurudumu la nje linahitaji kwenda mwendo mrefu kuliko la ndani, na juu ya mchanga au udongo halina shida, kwa kuwa tairi huteleza kidogo na kujirekebisha. Juu ya lami tairi hung'ang'ania, na mashine hukataa kukata kona, kisha hukata kwa ghafla. Ndiyo maana vipande vifupi vya lami, ambavyo mgeni huviona kuwa nafuu baada ya kurushwarushwa na mawe, ni mahali pa kupunguza mwendo badala ya kuongeza. Muulize kiongozi mapema ni wapi njia inavuka au kufuata barabara kuu, na kama wewe unatoka nchi ambako magari hupita kulia, kumbuka kwamba Tanzania tunapita kushoto.

Mafuta ya kwadi hayazungushwi kwa kiganja kama ya pikipiki. Hubonyezwa kwa dole gumba la mkono wa kulia, na hapo ndipo ajali nyingi za dakika za mwanzo zinapoanzia, kwani binadamu akishtuka hukaza mikono, na akikaza mikono dole gumba nalo hubonyeza, basi mashine inaruka mbele wakati yeye alitaka isimame. Dawa yake ni mazoezi ya dakika kumi uwanjani: kuondoka, kuachia kidole, kushika breki, kusimama, kurudia. Kampuni inayowapa wageni funguo na kuondoka nao moja kwa moja barabarani bila mazoezi hayo haistahili pesa yako, hata kama bei yake ni nusu ya wengine.

Kabla ya kupanda, izunguke mashine uliyopewa. Bonyeza mafuta injini ikiwa imezimwa, kisha achia: kitufe kinapaswa kurudi chenyewe upesi, bila kukwama wala kujivuta. Shika breki zote. Tazama matairi kama hayana kipara na kama yanalingana upepo kushoto na kulia, na usishangae yakionekana laini, kwa sababu matairi ya kwadi hujazwa upepo kidogo sana ukilinganisha na ya gari. Ulizia swichi ya kuzimia injini iko wapi na uijaribu mwenyewe. Baadhi ya kwadi zina kamba inayofungwa kwenye kifundo cha mkono, ambayo ukianguka huchomoka na kuzima injini; ikiwepo, ifunge. Angalia pia bomba la moshi limepita upande gani, kwani shavu la mguu lililoungua kwa bomba ni jeraha ambalo abiria wa bodaboda analijua vizuri. Mwisho piga picha kila upande, penye mikwaruzo na penye nyufa. Fomu unayotia saini mara nyingi ina kipengele kinachokutaka ulipie uharibifu, na picha yenye saa ya asubuhi humaliza ubishi wa jioni. Fomu yenyewe isome yote, na usichokielewa uliza kabla ya kutia saini.

Helmeti nitaizungumzia kwa urefu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na dada yangu pwani ya mashariki, nilipewa helmeti ambayo klipu yake ya kidevuni ilikuwa haishiki; ukiivuta kidogo inaachia. Wenzetu walikuwa wameshapanda, injini zinanguruma, kiongozi ananitazama, nami nikaona haya kuwachelewesha watu. Nikazifunga kamba zile kwa fundo. Baada ya kama nusu saa tulipita kwenye shimo, helmeti ikanishukia machoni, na kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu niliendesha bila kuona chochote. Nilisimama salama kwa kuwa njia ilikuwa tambarare na mbele yangu hapakuwa na mtu. Dada alinifungulia lile fundo, akamwendea kiongozi na kumwambia kwamba hatuondoki mpaka ipatikane nyingine. Nyingine ilikuwepo, ndani ya sanduku la kwadi yake, tangu asubuhi. Tangu siku hiyo huivaa helmeti, hufunga klipu, hutikisa kichwa mbele, nyuma na pembeni, na ikicheza huirudisha, hata watu wakinisubiri. Haya hii ya kuomba kitu kizuri zaidi, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo kama adabu, tuiache pembeni kwa dakika zile tano.

Mavazi nayo yana hatari ambayo maelezo ya wageni kutoka Ulaya hayaigusi. Kanga, baibui refu na mtandio unaopepea hunaswa na gurudumu au ekseli, na nguo ikishaanza kuvutwa humvuta na aliyeivaa. Mwanamke anayetaka kujisitiri, na hilo ni haki yake kabisa, avae suruali pana ya kitambaa kizito na kanzu fupi au shati refu lisilofika magotini, na hijabu ya kuvuta iliyobana kichwa, ambayo ncha zake zimechomekwa ndani ya shati. Mafundo na pini kubwa chini ya helmeti huondoa nafasi ya kukaa sawasawa. Kwa wote, viatu ni vya kufunika mguu mzima. Ndala zibaki hotelini. Wakati wa kiangazi vumbi la msafara ni zito kiasi cha kumziba macho anayefuata nyuma, hivyo miwani ya kuziba pembeni na kitambaa cha puani ni vya lazima, na mwenye pumu awe na dawa yake mfukoni. Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, na vuli ya mwishoni mwa mwaka, njia hizohizo hugeuka matope na madimbwi yaliyoficha mawe. Hapo muulize kiongozi kama njia imepitwa siku hiyo au jana yake.

Kuhusu watoto nina msimamo, na nausema wazi. Kwenye kwadi nyingi za watengenezaji wakubwa kuna kibandiko cha onyo juu ya bawa la tairi, kinachosema mashine hiyo isiendeshwe na aliye chini ya miaka 16 na isibebe abiria kama haikutengenezwa kwa watu wawili. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho hushauri kwamba aliye chini ya miaka 16 asipande kabisa. Pamoja na hayo, si ajabu kumwona baba amemweka mtoto wa miaka mitano mbele yake, kati ya mikono, akidhani kwamba amemkinga. Kwa kweli amemweka mahali ambapo, mashine ikisimama ghafla, kifua cha mtoto kitagonga usukani na uzito wa baba utamfuata. Mtoto huyo apelekwe msitu wa Jozani kuona kima punju, au kwenye mashamba ya viungo. Mjamzito, mwenye maradhi ya mgongo, aliyekunywa pombe usiku uliopita na ambaye bado ana uchovu, na aliyemeza dawa za mafua au mzio zinazoleta usingizi, wote waahirishe.

Unapochagua kampuni, usimalize mapatano mchangani. Papasi anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini anayekuuzia safari siye atakayekuongoza, na likitokea jambo hutajua wa kumuuliza. Kampuni za utalii na viongozi wa watalii Zanzibar husajiliwa na Kamisheni ya Utalii, kwa hiyo omba kuona leseni ya kampuni na kitambulisho cha kiongozi, upewe na risiti. Uliza pia kundi ni la watu wangapi na kama kuna kiongozi wa pili anayefunga msafara kwa nyuma. Kundi la kwadi nane lenye kiongozi mmoja wa mbele humwacha wa mwisho peke yake kwenye vumbi.

Bima ni jambo la kulitazama kwa makini zaidi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje ya Tanzania hutakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo wakati huo ilipangiwa dola 44. Kuwa nayo si sawa na kujua inalipia nini. Bima nyingi za safari duniani huondoa vyombo vya moto vya nje ya barabara, au hukataa madai ya asiyevaa helmeti, basi tafuta kwenye masharti neno linalohusu kwadi, na usipoliona andika barua pepe kuuliza ili upate jibu la maandishi. Sharti hilo halimhusu Mtanzania, na kwa sababu hiyohiyo msafiri wa kutoka Bara ndiye anayeweza kujikuta amepanda bila bima yoyote. Aikate kabla ya kupanda boti.

Njia inapoingia vijijini, fahamu kwamba unapita uani kwa watu. Mama ameanika mwani au nguo, watoto wanakimbia kando ya njia, wazee wamekaa barazani. Punguza mwendo mpaka vumbi lisinyanyuke, mabega na magoti yawe yamefunikwa, amkia, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Pipi za kuwarushia watoto usizibebe, kwa sababu zinawafundisha kukimbilia magurudumu. Kiongozi akipendekeza kushuka na kwadi ufukweni maji yakiwa yametoka, kataa kwa upole: huko ndiko kuna vigingi na kamba za mwani ambazo akina mama wamezifunga kwa mikono, wakiwa wameinama majini kwa saa nyingi.

Panga safari ya asubuhi, saa 2 au saa 3, kuliko ile ya jioni inayouzwa kwa jina la machweo. Jua la Zanzibar huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima na giza huingia upesi, na kurudi juu ya maweni kwa taa za kwadi ni kazi ya mwenyeji. Beba maji lita moja na nusu, dawa ya jua, na simu yenye chaji ndani ya mfuko usiopitisha vumbi. Mwulize kiongozi, mbele ya wenzako, nani amebeba sanduku la huduma ya kwanza na gari lipi litaitwa mtu akiumia, kwa sababu kutoka Nungwi hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini ni karibu kilomita 60. Hifadhi namba 112 ya dharura pamoja na namba ya kiongozi, na watu wa mapokezi waachie jina la kampuni, njia mtakayopita na saa mnayotarajiwa kurudi.