Jinsi ya kufuatilia asili ya maneno ya Kiingereza yenye "man" ndani yake

Dereva wa Dar es Salaam anakijua kipilefti, ule mzunguko wa magari kwenye makutano ya barabara. Kibao kilisema "keep left", masikio yetu yakasikia ki- ya kiti na kikombe, na vikiwa viwili tunasema vipilefti bila kujiuma ulimi. Kitabu nacho kilipita njia hiyohiyo. Kwa Waarabu ni kitab, na hiyo "ki" ya mwanzo ni sehemu ya neno lenyewe, ila sisi tukaikata na kupata vitabu.

Wanaojifunza Kiingereza hujikwaa palepale, kwa kuona herufi zilizozoeleka na kudhani wameiona maana. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, niliandika ubaoni kwamba "human" ni "hu" na "man". Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa hiyo hu maana yake nini?" Nikamwambia tutaiona kesho. Usiku ule nilifungua kamusi, na kesho yake nikaanza kipindi kwa kufuta ubao. Utaratibu ninaoutumia tangu siku hiyo ndio huu.

Hatua ya 1: Kusanya maneno

Fungua OneLook, tovuti ya kutafutia maneno, kwenye simu, andika *man* na nyota pande zote mbili, nayo itakuletea maneno yote yenye mfuatano huo. Yatakuwa mengi mno, kwa hiyo chagua ishirini unayokutana nayo kweli. Yangu ni haya: man, woman, fisherman, human, German, Roman, talisman, shaman, manual, manager, manuscript, manufacture, manure, mandate, emancipate, mansion, permanent, mango, mandarin, mantra.

Usiyapange bado. Ukiyapanga mapema utaanza kuyatetea makosa yako.

Hatua ya 2: Yaweke katika wingi

Jaribio hili halihitaji kamusi, na linafaa kwa maneno yanayoishia na "man". Fisherman akiongezeka anakuwa fishermen, na woman anakuwa women. Lakini human ni humans, German ni Germans, Roman ni Romans, shaman ni shamans, talisman ni talismans. Sarufi imekwisha kukuambia kwamba kundi la pili halina "man" ya mtu ndani yake.

Roman ni Roma pamoja na kiambishi cha Kilatini, kwa hiyo "m" ni ya mji na "an" ndiyo kiambishi. Human ni humanus ya Kilatini, ndugu wa homo, yaani binadamu. Shaman limetoka kwa Waevenki wa Siberia, likapitia Kirusi. Na talisman? Hilo tunalo wenyewe: ni talasimu, hirizi yetu ile. Neno la Kigiriki telesma liliingia Kiarabu, likafika Ulaya kama talisman na kwetu kama talasimu.

Hatua ya 3: Tafuta umbo la zamani

Sasa fungua kamusi. Ile kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa mafungu mwaka 1884 na kukamilika 1928, mtandaoni ni ya kulipia. Online Etymology Dictionary ya Douglas Harper ni ya bure na kwa kazi hii inatosha. Isome kwa kurudi nyuma: Kiingereza cha leo, kisha cha zamani, kisha lugha iliyokitangulia. Usiruke kituo.

Chukua woman. Katika Kiingereza cha Kale mann alikuwa mtu yeyote, wa kike au wa kiume. Mwanamume aliitwa wer, na neno hilo limebaki kwenye werewolf, mtu anayegeuka mbwamwitu. Mwanamke aliitwa wif. Wakaunganisha wifmann, mtu wa kike, kwa namna ileile tuliyounganisha mwana na mke. Baadaye "f" ikamezwa, na "w" ikaivuta irabu ya mbele yake mpaka ikawa kama "u". Katika wingi irabu ya zamani haikuguswa. Ndiyo maana women huandikwa kwa "o" lakini hutamkwa "wimin". Wanafunzi wangu hulalamika kwamba tahajia hiyo ni ya kichaa, na siwalaumu. Ila masikio yao yanasikia wif ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Hatua ya 4: Jaribu maana moja kwa kundi zima

Utakuwa umebaki na kundi lenye "man" mwanzoni au katikati. Jaribu kuweka "mkono" mahali pa "man" uone kama maana inakaa. Kilatini cha mkono ni manus. Kiitaliano na Kihispania husema mano, Kifaransa main.

Manual ni ya mkono, ama kazi ya mikono, ama kijitabu cha kushika. Manuscript ni kilichoandikwa kwa mkono. Manufacture ni kutengeneza kwa mkono, na leo ndilo neno la viwanda ambavyo mkono wa mtu haugusi kitu.

Manager limetoka kwenye kitenzi cha Kiitaliano maneggiare, kilichotumika kwa kumfundisha na kumwongoza farasi. Meneja wako basi, kwa asili ya neno, ameshika hatamu. Usimwambie.

Ninalolipenda kuliko yote ni manure, samadi. Mzizi wake ni Kifaransa cha zamani, "kufanya kazi kwa mikono". Kutoka hapo likawa kulima shamba, halafu kulirutubisha shamba, mwisho kile kinachomwagwa shambani. Ni pacha wa maneuver, neno la majeshi na wanasiasa, kwani yote mawili yanarudi kwenye maneno yaleyale mawili ya Kilatini, mkono na kazi.

Emancipate lina mkono pia, ila hapa mkono ni mamlaka. Katika sheria ya Roma, mancipium ilikuwa umiliki, kutoka "mkono" na "kukamata". Ukitanguliza "e", yaani "nje", unapata kumtoa mtu kwenye mkono wa mwenye mamlaka juu yake, kama mtoto aliyeondolewa chini ya baba yake. Neno hilo ndilo lililobeba tangazo la Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 kuhusu watumwa wa Marekani.

Mandate ni mkono na "kutoa", kumpa mtu jambo mkononi. Chini ya neno hilo, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Shirikisho la Mataifa liliikabidhi Uingereza Tanganyika. Na angalia kitenzi nilichotumia: kukabidhi kimetoka kwenye qabadha ya Kiarabu, kushika kwa mkono. Lugha mbili zisizo na undugu zimefikiria makabidhiano kwa kiungo kilekile, lakini usichanganye mambo: kufanana kwa wazo si undugu wa neno.

Hatua ya 5: Usiyalazimishe yanayokataa

Weka mkono kwenye mansion na permanent uone: haukai. Hayo ni ya manere, kukaa, kubaki. Mansion ni mahali pa kukaa, permanent ni kinachobaki, na remain ni ndugu yao.

Mango limeletwa na Wareno kutoka India ya kusini, halina mkono wala mtu.

Mandarin ndilo mtego. Lilikuwa cheo cha ofisa wa China, mtu wa kuamuru, kwa hiyo unataka kuliweka kando ya mandate. Wareno nao walivutwa hivyo, maana kwao mandar ni kuamuru, na kitenzi hicho kililigusa neno umbo. Lakini walilichukua kwa Wamalei, menteri, lililotoka Kisanskriti mantrin, mshauri. Jamaa yake wa kweli kwenye orodha yetu ni mantra.

Hatua ya 6: Rudia kwa mfuatano mwingine

Chukua ped. Pedal na pedestrian zina mguu wa Kilatini. Pediatrician hana mguu, ana mtoto wa Kigiriki. Kisha utafika kwenye pedigree, orodha ya ukoo, na hutaelewa mguu unatafuta nini humo. Chora mstari kutoka kwa babu, utawanye matawi matatu kwenda kwa watoto wake, halafu uangalie karatasi: Wafaransa wa zamani waliona hapo pé de gru, mguu wa korongo.