Somo: Kuchagua rangi nyeusi ya kupuliza kwa mabati ya injini ya Beetle

Wakuu, wengi tukienda dukani kutafuta rangi ya injini tunachukua kopo lenye namba kubwa kuliko yote. Likiandikwa nyuzi joto 650, tunalipa na kuondoka. Kwa Volkswagen Beetle, kopo hilo liache. Rangi ya nyuzi 650 ni ya ekzosi: hukomaa ikishapashwa joto kali sana, na mabati ya injini hayafiki hata nusu ya hapo. Inabaki laini, kisha petroli ikivuja kidogo kwenye kabureta inaiosha hadi bati jeupe. Kinachomaliza rangi sehemu ile ni petroli na oili kuliko joto.

1. Jua unapaka nini. Kiwandani, kuta za chumba cha injini cha Beetle zilipakwa rangi ya bodi. Nyeusi ni mabati: kava la feni, mabati yanayofunika silinda, na yale yanayoziba nafasi kuzunguka injini. Mabati haya ndiyo yanayoongoza upepo wa feni upite kwenye silinda. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1962 bila tone la maji ya kupozea, na kazi hiyo ilifanywa na upepo na mabati hayo. Kwa hiyo usikubali fundi akuambie bati fulani "halina kazi" na kulitupa.

2. Chagua kopo. Tafuta rangi ya enameli iliyoandikwa kuwa ni ya injini, inayohimili nyuzi joto 250 hivi na inayostahimili petroli na oili. Rangi ya akriliki ya kawaida ni rahisi na inang'aa vizuri siku ya kwanza, lakini petroli inailainisha. Zipo pia zenye hadina (kemikali ya kuifanya rangi iwe ngumu) ndani ya kopo, ambazo unabonyeza kitufe chini kabla ya kupuliza. Hizo ni ngumu kuliko zote, ila zina hatari zake. Nimeeleza kwenye maswali.

Kuhusu mng'ao, mimi nachagua nusu mng'ao. Nyeusi isiyong'aa kabisa inapendeza kwenye picha, lakini inashika vumbi na oili na haifutiki. Inayong'aa sana nayo inaonyesha kila kasoro ya bati la miaka 50.

Kabla ya kununua makopo ya kazi nzima, nunua moja. Puliza kwenye kipande cha bati, kiache wiki nzima, kisha sugua kwa kitambaa cheupe chenye petroli. Kitambaa kikiwa cheusi, tafuta aina nyingine. Jaribio hili naliamini kuliko maneno yoyote ya kwenye kopo.

3. Andaa bati. Hapa ndipo kazi ilipo. Chomoa nyaya za betri (iko chini ya kiti cha nyuma), vua mabati, osha grisi. Wengi tunaosha kwa dizeli au mafuta ya taa; sawa, lakini yanaacha utando, kwa hiyo malizia kwa sabuni na maji ya moto, kausha, kisha futa kwa tina (kiyeyusha rangi). Toa kutu yote. Piga msasa namba 240, malizia na 400. Palipobaki chuma kitupu weka praima ya chuma (rangi ya chini ya kushikisha) ya kampuni ileile ya rangi.

Mabati yakiwa nje, badilisha pia mipira ya petroli. Mpira mkuukuu juu ya injini ya moto umeteketeza Beetle nyingi mno.

4. Puliza. Tikisa kopo dakika mbili. Shika umbali wa sentimita 25 hivi na pitisha mkono bila kusimama. Weka mikono (yaani tabaka) mitatu myepesi ya rangi, ukisubiri dakika kumi kila mkono. Wenzetu wa Dar, Tanga na Mombasa, msipulize alfajiri wala baada ya mvua. Unyevu unaweza kuifanya rangi ipauke.

Usipulize mahali nyaya za ethi (za kurudisha umeme kwenye bodi) zinapofungwa, kabureta, wala namba ya injini iliyo chini ya dainamo. Namba ikifunikwa, utasumbuka siku ya ukaguzi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mkono wa pili umejikunja kama ngozi ya kobe. Kopo bovu?*

Huenda kopo ni zima. Enameli nyingi zinataka urudie ndani ya saa moja, au usubiri hadi ikauke kabisa, ambayo inaweza kuwa wiki. Ukirudia katikati, tina ya juu inavimbisha rangi ya chini. Soma muda kwenye kopo lako. Sasa iache ikauke, piga msasa, anza upya.

*Hiyo yenye hadina, barakoa ya kitambaa inatosha?*

Hapana, ndugu yangu. Ina kemikali ya isosianati, na ikiingia mapafuni inaweza kukuachia pumu ya kudumu. Kama huna vifaa kamili vya kupumulia, mpelekee mpiga rangi mwenye navyo.

*Shikamoo mzee. Silinda zenyewe nazo nipake?*

Marahaba. Mkono mmoja mwembamba sana wa kuzuia kutu unatosha, tena rangi ya joto kali, kwa sababu pale joto lipo kweli. Ukirundika rangi kwenye mapezi ya silinda (yale mabapa membamba ya kutoa joto) unazuia joto lisitoke. Kasha la injini liache lilivyo, lisafishe tu.

*Nina Peugeot 504, nataka chumba chote cha injini kiwe cheusi kama Mustang.*

Mustang za miaka ya 60 zilitoka kiwandani na chumba cheusi, ndiyo maana zinapendeza hivyo. 504 ilitoka na rangi ya bodi. Gari ni lako, lakini mimi ningerudisha rangi yake: oili ikivuja unaiona mapema, na mnunuzi anayezijua 504 ataangalia hapo kwanza. Nyeusi iweke kwenye kava la kichujio cha hewa na vibati vya betri.