Kabla hujafunika nyuma ya Titanic ya Lego

Wenye ile Titanic ya Lego (meli ya kuunga kwa vipande vya plastiki) ya vipande 9,090 iliyotoka 2021: kabla hujafunika sehemu ya nyuma, zungusha mapangaboi kwa kidole uone kama pistoni za injini zinapanda na kushuka. Zikikwama, rekebisha hapo hapo, maana ukishapandisha sitaha juu yake, kurudi ndani ni kubomoa.

Ina urefu wa sm 135 ila inaachana mapande matatu, kwa hiyo meza ndefu si lazima. Kila pande liwekee ubao wake. Sisi wa Kigoma tusilalamikie wingi wa vipande: Liemba yenyewe, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa, ikaja kwa makasha, ikaungwa upya hapa hapa na kushushwa ziwani 1915.

Mifuko fungua kwa namba, vidogo vimwage kwenye sinia (la pilau linafaa sana). Vyeusi na vyekundu vilivyoiva vishughulikie mchana. Usiku taa ikififia vinafanana. Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi. Kitambaa kinanasa kwenye kamba za milingoti.